Nimefungua skopu ya zamani nikakuta waya mrefu umezungushwa ndani bure tu, niukate ama niache?

fundi_58 (Nakuru)

Wadau habari zenu. Niko hapa Section 58 Nakuru, kazi yangu ni kurepea inveta na mashine za kuchomelea. Juzi kulikuwa na mnada wa vitu vya zamani vya chuo fulani, watu wote wakawa wanagombania viti na kompyuta, mimi nikatoka na skopu (osiloskopu, ile mashine ya kuchora umbo la signali kwa skrini) ya Tektronix 465 kwa elfu sita. Nikaibeba na boda mpaka dukani, yule jamaa wa boda akaniuliza kama ni jiko la stima juu ya ule uzito.

Nyuma swichi ya volti ilikuwa tayari kwa 230, nikashukuru Mungu kwa sababu hizi za Marekani unaweza kuipata iko kwa 115 ukaichoma hapo hapo. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ndogo ikawaka, lakini skrini ni giza tupu. Nimezungusha mwangaza mpaka mwisho, nimefinya kile kitufe cha kutafuta mwale, hakuna kitu, hata kadoti.

Basi nikafungua. Ndani ni safi kuliko nilivyotarajia, mtu alikuwa anaitunza. Lakini kuna waya mmoja umezungushwa zungushwa kama kamba ya ng'ombe, unatoka kwa bodi ya kuingizia signali, unazunguka weee, halafu unaenda kuingia kwa amplifaya ya mwisho inayoshika tyubu ya skrini. Na hizo bodi mbili hazijaachana sana, waya mfupi tu ungefika. Jirani yangu wa TV amenishauri niukate niunganishe moja kwa moja, anasema huo urefu wote unakula signali na pengine ndio umekufa. Mimi roho inakataa kidogo. Kuna mtu anajua hiyo waya ni ya nini? Na giza niitafute wapi?

Mzee_wa_Dunga (Kisumu)

Weka hiyo koleo chini kijana. USIKATE.

Huo waya si wa kusafirisha signali, ni wa kuichelewesha. Kwa hiyo 465 ni kama nanosekunde 120 hivi. Fikiria skopu inavyofanya kazi: signali ikiingia inagawanywa mara mbili, nyingine inaenda kwa triga kuamsha swipi, yaani kuuambia mwale wa elektroni unaochora kwa skrini anza safari kutoka kushoto kwenda kulia, nyingine inaenda kwa tyubu ikachorwe. Sasa hiyo ya triga lazima ipite kwa transista kadhaa, kila moja inachukua muda wake, halafu swipi ianze, halafu mwale uwashwe. Hiyo yote inakula makumi ya nanosekunde. Signali yenyewe ingefika kwa tyubu mapema, na ukiangalia pigo fupi utaona mkia tu, ule ukingo wa mbele, ambao ndio ulikuwa unautafuta, umeshapita mwale ukiwa bado umelala. Ni kama kumtuma mtoto afungue geti na wewe uko nyuma yake na gari, mwache atangulie la sivyo unagonga geti.

Kwa hivyo waliiweka signali izunguke kwanza. Ukitumia waya wa kawaida wa antena, signali inatembea kama sentimita 20 kwa nanosekunde moja, sasa nanosekunde 120 ungehitaji karibu mita 24 ndani ya hilo boksi. Ndio maana waya wa skopu umetengenezwa kwa njia ya pekee, shaba ya ndani imesokotwa kama springi ili signali itembee pole pole na waya usiwe mrefu hivyo. Jirani yako ana ukweli kidogo, waya unakula signali, hasa zile za masafa ya juu, na amplifaya iliyo mbele imepewa vijirekebisho vya kurudisha kilicholiwa. Ukiutoa, hivyo vijirekebisho vyote vitakuwa vinasahihisha kosa ambalo halipo tena na umbo la pigo litaharibika hata ukipata picha.

Mimi nilianza na skopu ya Tektronix 545 ya tyubu za glasi (zile zilizofanya kazi ya transista zamani, si tyubu ya skrini), ile mashine ilitoka miaka ya 1950, megahezi 30, inakula zaidi ya wati 500, asubuhi za baridi ilikuwa inatupashia chumba moto. Hiyo ya kwetu ya kuchelewesha haikuwa waya, ilikuwa safu ya koili na kapasita ndogo ndogo za kuzungusha na bisibisi, moja baada ya nyingine, nyingi mpaka unachoka. Ukigusa moja unaona kajikunjo kametokea mahali fulani juu ya mstari, unaenda ya pili, kajikunjo kanasogea. Siku nzima imeisha, na bosi anauliza kwani unafanya nini na hiyo bisibisi.

kijana_kaptembwo (Nakuru)

Na heshima zote kwa mzee, lakini si ununue dijito tu bro? Leo unapata ya megahezi 100 yenye uzito wa kitabu, inaweka picha kwa flashi, inapima frikwensi yenyewe. Hiyo 465 ni ya 1972 huko, ata mimi sijazaliwa, mzazi wangu pia sina uhakika 😂 Spea utatoa wapi? Uza shaba kwa skrapu.

fundi_58 (Nakuru)

@kijana_kaptembwo ninayo ya dijito, ile ndogo ya kiganjani, imenidanganya mara mbili kwa inveta. Ilinionyesha wimbi zuri la pole pole kumbe ni makelele ya kasi yamechukuliwa sampuli vibaya. Nilibadilisha mosfeti (transista za pawa) nne bure, na mteja hakunirudishia hata senti. Hiyo pesa ingenunua hii skopu na chenji ibaki.

Asante mzee, koleo nimeweka chini. Lakini nimeanza kuuliza maswali mengine sasa, kwa nini hiyo tyubu ni ndefu hivyo? Inajaza karibu boksi lote, na skrini yenyewe ni ndogo kama simu mbili.

mwalimu_wa_fizikia (Kakamega)

Hapo umegusa mahali pangu, nivumilieni nitaandika ndefu.

Watu wengi hudhani kasi ya skopu inatoka kwa amplifaya. Sehemu kubwa ya vita ilikuwa ndani ya tyubu. Ukitaka mwale uvutwe kirahisi na signali ndogo, lazima elektroni ziende pole pole na mabamba ya kuvutia yawe marefu, ili zikae katikati yao muda wa kutosha. Lakini ukitaka mwale uonekane ukiwa unakimbia, lazima elektroni zigonge fosfori, ile rangi inayowaka kwa skrini, kwa nguvu, yaani ziende kasi sana. Mambo mawili yanayopigana. Dawa yao ilikuwa kuzivuta zikiwa za pole, halafu kuzikimbiza baadaye. Kwa 465 kathodi, pale elektroni zinapotokea, iko kama volti 2,450 chini ya sifuri, elektroni zinapita kwa mabamba na nguvu hiyo, halafu zikishapindwa zinavutwa mbele mpaka jumla ifike kama volti 18,000. Hapo katikati kuna wavu mwembamba sana wa chuma umetunishwa kama chungio la chai, kazi yake kuzuia ile volti kubwa isirudi nyuma kunyoosha mwale uliokwisha kupindwa, na pia kuupanua. Bila huo wavu, tyubu ingekuwa ndefu zaidi ya hiyo unayolalamikia.

Sasa piga hesabu. Elektroni ya volti 2,450 inaenda kidogo chini ya sentimita 3 kwa nanosekunde moja, yaani kama sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga. Chukua bamba la sentimita 3, elektroni iko ndani kwa nanosekunde moja nzima. Signali ya megahezi 100 inachukua nanosekunde 10 kumaliza mzunguko wake, kwa hivyo elektroni ikiwa ndani volti haijabadilika sana, inapindwa vizuri. Lakini lete gigahezi 1. Mzunguko mzima ni nanosekunde moja! Elektroni inasukumwa juu nusu ya safari, nusu nyingine inasukumwa chini, inatoka ikiwa imenyooka kama haijaguswa na mtu. Hata amplifaya yako ingekuwa ya malaika, skrini itaonyesha mstari ulionyooka tu.

Suluhu walilopata ni la akili sana. Bamba likakatwa vipande vidogo, au likafanywa kama springi, ili signali nayo itembee kando ya elektroni kwa mwendo ule ule. Elektroni inakutana na volti ile ile kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekimbia sambamba na matatu akiongea na kondakta dirishani. Tektronix 519 ya mwanzo wa miaka ya 1960 ilifika gigahezi 1 hivyo, na haikuwa na amplifaya kabisa! Waya ya signali iliingia moja kwa moja kwa tyubu, ukitaka sentimita moja kwa skrini lete karibu volti 10 zako mwenyewe. Ilitengenezwa kwa watu wa kupima mapigo ya milipuko ya nyuklia na vitu kama hivyo, hao volti hazikuwa shida yao.

Halafu mwisho wa miaka ya 1970 ikaja Tektronix 7104, gigahezi 1 tena lakini sasa na amplifaya, milivolti 10 kwa sanduku (mraba mmoja wa mistari ya skrini). Hapo tatizo lilikuwa mwanga. Mwale unaopita mara moja kwa kasi hiyo hauachi alama ya kuonekana kwa macho. Wakaweka nyuma ya skrini sahani ya glasi yenye matundu madogo sana, mamilioni, elektroni moja ikiingia kwa tundu inagonga ukuta inatoa nyingine, nazo zinagonga, upande wa pili zinatoka maelfu. Kasi ya kuchora waliyoitangaza ilikuwa sentimita 20 kwa nanosekunde, na mwanga wenyewe unaenda sentimita 30. Kidoti kinakimbia kwa skrini kwa theluthi mbili za kasi ya mwanga, na mtu ameketi anakiangalia kwa macho yake, kitu kilichotokea mara moja tu. Mimi nikifika hapo darasani huwa nanyamaza kidogo, wanafunzi wanadhani nimesahau.

Mzee_wa_Dunga (Kisumu)

Mwalimu umenikumbusha. Niongeze moja tu, upande wa zile za tyubu za glasi. Swali lilikuwa, tyubu moja ya amplifaya haina nguvu ya kutosha, ukiziunganisha nyingi pamoja kuongeza nguvu, kapasitansi zao (ule uwezo wa kushika chaji unaopunguza kasi) nazo zinajumlika na kasi inabaki pale pale. Muingereza mmoja, Percival, alipata hati ya ubunifu miaka ya 1930 ya kuzipanga kama ngazi, kati ya kila tyubu na ya pili kuna koili, kwa hivyo kapasitansi ya kila moja inakuwa sehemu ya njia ya signali badala ya kuwa mzigo. Nguvu zinajumlika, mizigo haijumliki. Ile 545 ilikuwa imejaa hivyo. Ukiifungua unaona tyubu zimejipanga mstari kama wanajeshi wa gwaride.

Na ukipata moja kama hiyo usisolde na solda ya kawaida. Vipande vyeupe vya kauri vinavyoshika sehemu vilishikishwa kwa fedha (yale madini), solda ya kawaida inaila fedha na waya unabanduka. Ndio maana kiwandani waliacha kabunda kadogo ka solda yenye fedha ndani ya boksi. Yetu ilipoisha hakuna aliyeagiza nyingine, basi.

Nyar_Kondele (Kisumu)

Nyinyi wazee mnafundisha vizuri lakini skopu ya mwenzetu bado ni giza 😅 Fundi, mimi nimerepea hizo tatu, wacha nikuambie.

Kwanza usalama. Hiyo ni volti 18,000 mwalimu amesema. Chomoa stima, ngoja, na usiguse ule waya mwekundu mnene unaoingia ubavuni mwa tyubu. Hata ikiwa imezimwa inaweza kuwa imebaki na chaji. Mkono mmoja mfukoni, kama hujazoea acha hiyo sehemu kabisa, tatizo lako sidhani liko huko.

Weka mita, pima laini za volti: 110, 55, 15, 5, na hasi 8. Nina hakika moja imelala chini. Mkosaji wa kawaida kwa hizo ni kapasita za tantali, zile za umbo la tone la maji. Zinakaa miaka hamsini vizuri halafu siku moja zinapiga shoti. Tuambie unasoma nini.

fundi_58 (Nakuru)

Dada wewe ni nabii. 55 iko sawa, 110 iko sawa, 5 iko, hasi 8 iko, lakini 15 nasoma volti 0.3. Nimezima nikapima kwa omu kutoka hiyo laini kwenda chasi, ni kama omu 2. Shida ni hiyo laini inaenda kwa kila bodi, kapasita ziko nyingi, nitatoa zote?

Nyar_Kondele (Kisumu)

Usitoe hata moja bado, utararua njia za shaba bure. Una pawa saplai ya mezani? Skopu ikiwa imechomolewa kwa stima, ingiza volti kama moja hivi kwa hiyo laini ya 15, ukiwa umebana mkondo kwa ampea moja. Mkondo wote utakimbilia kwa ile iliyopiga shoti. Sasa chukua mita kwa milivolti, mguu mmoja kwa chasi, na mwingine unatembea nao juu ya njia ya shaba. Unavyokaribia mkosaji volti inashuka, ukimpita haishuki tena. Mahali ipo chini kabisa ndipo yeye anakaa. Wakati mwingine ukigusa na kidole unasikia imekuwa moto kidogo.

Ukiipata weka nyingine ya thamani ile ile, lakini volti ya juu zaidi. Na angalia chanya na hasi, tantali ukiigeuza inalipuka na harufu haitoki dukani wiki nzima.

kijana_kaptembwo (Nakuru)

Sawa hiyo ya milivolti nimeiba, naitumia kwa bodi za laptopu kuanzia leo.

fundi_58 (Nakuru)

Wadau nimerudi. Imechukua jioni mbili kwa sababu jana stima ilipotea kutoka saa kumi na mbili.

Nilifanya vile dada alisema. Kwa mwanzo wa laini nilisoma milivolti 640, nikatembea, 610, 580, nikafika bodi moja kando nikapata 410 halafu 395 mahali ambapo kuna kapasita ndogo ya rangi ya machungwa, nikagusa, ilikuwa na joto kama chai iliyopoa. Nikakata mguu mmoja tu, omu zikapanda mara moja. Nikachukua ya volti 35 kutoka kwa bodi ya zamani, nikasolda. Kuwasha, 15.02. Sekunde kama ishirini hivi nikaona mstari wa kijani unatokea pole pole katikati, mwembamba, mzuri, nilimwita mke wangu aje aone na akasema ni mstari tu. Ndio, ni mstari tu.

Halafu nikataka kujua huo waya wa mzee. Nikatengeneza kasaketi na IC ya 74AC14 moja (chipu ya dijito ya kasi), kapasita na rizista, inapiga wimbi la mraba lenye ukingo mkali. Nikaweka swipi kwa kasi ya mwisho na ile ya kuvuta mara 10, yaani nanosekunde 5 kwa sanduku. Na huo ukingo uko hapo! Masanduku manne hivi ya mstari uliotulia kwanza, HALAFU ndio unapanda. Nilikaa naangalia hiyo sehemu iliyotulia kuliko ukingo wenyewe. Yaani naona wakati kabla triga haijafika.

Kupanda nimepima kama nanosekunde 4. Na kuna mawimbi juu yake baada ya kupanda, kama umekwaruzwa. Hiyo ni skopu ama ni mimi?

mwalimu_wa_fizikia (Kakamega)

Nanosekunde 4 ni sahihi kabisa. Gawanya 0.35 kwa megahezi 100 unapata 3.5, hiyo ni ya skopu yenyewe. IC yako pengine ni 2. Hazijumlishwi moja kwa moja, unachukua mraba wa kila moja, unajumlisha, halafu kipeo cha pili, inatoka 4 na kidogo. Skopu yako ina afya.

Mawimbi ni wewe. Ule waya wa ardhi wa probu (ile kalamu ya kupimia ya skopu), wenye klipu ya mamba, ni sentimita 15, hiyo ni koili tayari, kama nanohenri 150, na probu ina kapasitansi ya pikofaradi 10 hivi. Zikikutana zinalia karibu megahezi 130. Toa klipu, toa kofia ya probu, zungushia kawaya kafupi kwa ile pete ya mbele kaguse ardhi ya IC karibu kabisa.

fundi_58 (Nakuru)

Imeisha! Ukingo umekuwa safi. Jirani wa TV amekuja kuangalia, hajasema kitu kuhusu koleo na mimi sijamuuliza, ila amesimama hapo muda mrefu na ameuliza kama mnada una siku nyingine.

La mwisho, mstari umelala kidogo, kushoto uko chini kulia uko juu, kama nusu milimita. Ni tyubu?

Nyar_Kondele (Kisumu)

Hapana, ni dunia yenyewe. Tyubu inasikia usumaku wa dunia ijapokuwa imefunikwa na lile bati lake, ukiihamisha au ukiigeuza dukani mstari unalala. Kuna katundu kadogo mbele kwa paneli ka bisibisi, ka kuzungusha mstari. Kwanza iweke mahali itakaa siku zote, halafu ndio uzungushe. Na tafadhali usiiweke karibu na hizo mashine zako za kuchomelea.

fundi_58 (Nakuru)

Iko juu ya moja saa hii 😂 nahamisha.